Miguu Arobaini Kabatini

Kwenye karakana ile ya miguu ya bandia alikuwapo mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kumtengenezea mtu mguu hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuiua. Usishtuke, ndiyo kazi aliyosomea. Mafundi wakishamaliza, yeye aliichukua miguu mipya kabisa, akaifungia ndani ya kabati la chuma lenye joto la digrii sabini na tano na mvuke wa kulowesha nguo, kisha akakaa na daftari kuangalia upi unakufa siku gani. Kila uliokufa aliuwekea nukta kwenye karatasi ukutani. Basi wakambandika jina Mama Nukta, likamganda mpaka mshahara wake ukawa unaulizwa kwa jina hilo.

Mateso yote hayo yalikuwa na maana yake. Huwezi kumpa mtu mguu leo, ukakaa miaka mitatu ukisubiri kuona kama utamwangusha barabarani. Miguu yenyewe ilikuwa ya povu gumu la mpira, lenye ngozi laini kwa nje, na povu hilo huliwa na vitu viwili, joto na unyevunyevu. Ukivizidisha vyote viwili, miaka inajikunja. Mwaka uliotangulia Mama Nukta alikuwa ametesa vipande vya povu kwenye makabati matatu yenye joto na unyevu tofauti, akapima kila hatua inaharakisha kifo kwa kiasi gani, na hesabu yake ikamwambia kwamba siku moja ndani ya kabati kali ni kama siku ishirini mtaani. Siku thelathini na saba kabatini, miaka miwili imeshapita.

Kila asubuhi miguu ilitolewa mmoja mmoja na kuwekwa chini ya mashine ya kukanyagia, ambayo kwa ubishi wake na kelele zake iliitwa Punda. Mguu uliobonyea kupita kipimo au kupasuka ulihesabiwa umekufa, ukapata nukta. Uliofika mwisho wa jaribio ungali mzima haukupata nukta. Mama Nukta aliuchorea mshale mdogo unaoelekea kulia, maana yake bado unakwenda, mwisho wake hatuujui.

Na nukta hizo zilikuwa na adabu zake. Karatasi ilichorwa kwa namna ambayo vitu vya aina moja, vinavyokufa kwa sababu moja, nukta zake hujipanga mstari ulionyooka. Sasa safari hii, siku ya arobaini na moja, Mama Nukta alisimama mbele ya ukuta na kikombe cha chai kilichopoa mkononi, akatazama nukta zake kumi na tisa. Mstari ulikuwa umevunjika kiuno. Nukta kumi na saba zilirundikana mwanzoni, ndani ya siku kumi na nne. Kisha kimya, siku baada ya siku. Kisha nukta mbili tu huko mbele.

"Mungu wangu," alisema peke yake, "hawa wamekufa vifo viwili."

Ingekuwa karaha ya kawaida tu ya kazini, angekunywa chai yake na kuanza upya. Lakini Daktari, mkuu wa karakana, alikuwa ameweka sharti lisilo na mjadala: hakuna mguu wa povu utakaotoka mlangoni mpaka ijulikane kwamba katika kila kumi, tisa itavuka miaka miwili. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Miguu ya mchanganyiko wa zamani ilikuwa imewameng'enyukia watu wakiwa njiani, na mwanamke mmoja alianguka na mtoto mgongoni. Daktari alikwenda kumtazama hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Sasa nukta zile kumi na saba zilisema kwamba karibu nusu ya miguu hii mipya arobaini isingemaliza hata mwaka mmoja.

Na kati ya watu waliokuwa wakiisubiri miguu hiyo alikuwapo mdogo wake Mama Nukta, wa tumbo moja.

Huyo kijana alikuwa msoma mita za maji. Usimdharau. Alijua mbwa wote wa mitaa kumi na mmoja kwa tabia zao, alijua nani hufungua mlango akiwa na mswaki mdomoni na nani hujifanya hayupo. Lori lililokuwa likirudi nyuma lilimkanyaga mguu wa kushoto, na tangu hapo alikuwa amekalishwa kwenye dirisha la malalamiko, akitukanwa na watu ambao zamani walikuwa wakimkaribisha maji ya kunywa. Mguu aliokuwa nao ulikuwa wa mbao, mzito na mgumu. Akivuka nyumba ishirini, kigutu kinachubuka na damu inatoka. Msimamizi wake alikuwa amemwambia waziwazi: mwisho wa mwezi huu ile njia yake ya kusoma mita anapewa mtu mwingine moja kwa moja. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane.

Mguu wa povu alishaujaribu mara moja, kwenye ukumbi wa karakana. Alitoka upande huu akitembea, akarudi anakimbia, anacheka, machozi yanamtoka. Ole wake aliyemwonjesha.

Jumapili alikuja kula kwa dada yake, kama kawaida. Alisikika tangu kwenye ngazi, ko, ko, ko, mbao juu ya saruji. Aliingia, akavua mguu, akaulaza chini ya kiti, akanyoosha kigutu juu ya stuli na kuvuta pumzi ndefu. Dada mtu akakiona kidonda kipya. Akaleta maji ya vuguvugu na kitambaa safi.

"Haya, dada. Nipe habari. Na usinizungushe."

Akamweleza. Nukta kumi na saba, mstari uliovunjika, Daktari na sharti lake.

Mdogo mtu alichokonoa chakula. "Kwa hiyo miguu mingine ni mizima na mingine mibovu."

"Inaonekana hivyo."

"Basi zifute zile mbovu. Nukta ni kalamu tu, dada. Ni wewe na ukuta wako, nani atajua?"

"Wewe!"

"Sikwambii udanganye. Nakwambia usizihesabu."

"Na nikikupa mguu kutoka lile fungu la nukta nilizozifuta? Uanguke katikati ya barabara, gari lingine likumalizie huo wa pili? Nikamwambie nini mama?"

"Mwambie nilianguka nikiwa natembea," akasema. "Kuliko kuoza dirishani."

Hapo Mama Nukta alitoka mezani akaenda jikoni, akafungua bomba bila sababu. Alilia, ndiyo, na kama wewe usingelia basi hongera. Maana wazo lile la kufuta lilikuwa limeshamjia yeye kabla ya mdogo wake, na ndilo lililomtisha. Alipotaka matokeo mazuri kwa nguvu kiasi kile, hakuyaamini tena hata macho yake. Aliporudi mezani alisema neno moja tu: "Nitatafuta sababu. Nikiikosa, siweki sahihi." Mdogo wake aliitikia kwa kichwa bila kumtazama, akaendelea kula.

Jumatatu alifika mapema, akaipanga ile maiti ya miguu mezani. Akaanza na rafu za kabati: labda juu kuna joto zaidi. Hapana, waliokufa walitoka rafu zote. Akatazama ukubwa, kulia na kushoto. Hapana. Kisha akaziandika namba za waliokufa mapema, na alipomaliza aliweka kalamu chini polepole. Nne. Saba. Kumi na moja. Kumi na tisa. Hakuna hata mmoja uliozidi kumi na tisa! Wote walikuwa wa mwanzo.

"Nimekukamata," akasema, na akaenda moja kwa moja chumba cha kumwagia.

Chumba hicho kilikuwa ufalme wa mzee mmoja aliyeitwa Fundi Povu. Aliyemwaga povu katika kalibu za alumini ni yeye, aliyejua kwa kunusa kama mchanganyiko umekubali ni yeye, na aliyekuwa na ulimi mkali kuliko kisu chake cha kupunguzia ni yeye huyohuyo.

"Fundi, shikamoo. Miguu yako ya mwanzo ilikuwa na kasoro."

"Marahaba. Toka."

"Fundi, nisikilize. Namba moja mpaka kumi na tisa zimekufa karibu zote. Kuanzia ishirini zimedumu. Ulipoanza kumwaga kuna kitu hakikuwa sawa. Pipa, au mizani, au..."

"Au akili zangu, sivyo? Sema tu!" Mzee aliweka kisu chini. Alipandwa na hasira mpaka miwani ikaingia ukungu. "Miaka ishirini na sita namwaga povu, leo mtu wa kuchora nukta ananiambia nimekosea mizani! Miguu arobaini niliimwaga siku moja, pipa moja, mkono huuhuu. Nikaitupa yote kwenye kikapu kimoja ipoe. Hiyo namba moja na namba arobaini naijulia wapi mimi? Mimi nilikupa namba?"

Mama Nukta aliifungua orodha yake ya namba.

"Nani aliweka namba?" mzee akauliza tena.

"Mimi."

"Uliitoaje kikapuni?"

"Wowote uliokuja mkononi."

"Basi namba yako haijui chochote kuhusu kumwaga kwangu. Inajua mkono wako tu. Lete hiyo miguu."

Wakaenda mezani wote wawili, mmoja amenuna, mwingine amenywea. Fundi Povu aliuchukua mguu namba saba na kuupasua kwa urefu. Ndani, povu lilikuwa limegeuka makombo ya rangi ya chai. Lakini halikuwa limeoza lote. Vidoleni lilikuwa zima. Makombo yalianzia kisiginoni, sehemu moja, yakasambaa kutoka hapo. Akaupasua namba kumi na moja. Kisiginoni. Namba nne. Kisiginoni, palepale. Kisha akachukua mmoja wa iliyodumu, namba thelathini na tatu, akaupasua bila huruma: mweupe kote, safi.

Mzee aligeuza kisigino cha namba saba, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi yake.

"Hii saba imeandikwaje?"

Na hapo, jamani, damu yote ilimshuka Mama Nukta mpaka miguuni.

Kwa sababu alikumbuka. Yeye ni mtu wa kupenda mambo yake yakae sawasawa, kila kitu na alama yake, alama isiyofutika. Alikuwa na seti ya chapa za chuma, sifuri mpaka tisa, na kwa kila mguu alikaa akagonga namba kisiginoni kwa nyundo, ko, ko, kwa unadhifu wa kujivunia. Aligonga mpaka kumi na tisa. Alipokuwa anaosha chapa kwenye sinki, chapa ya mbili ikamponyoka ikazama kwenye bomba la maji machafu. Bila mbili hakuna ishirini. Alikasirika siku nzima, akaiandika iliyobaki yote kwa rangi na brashi, na moyoni akaiona miguu ile ishirini na mmoja kuwa imeharibiwa, haipendezi.

"Nimeitoboa ngozi," akasema kwa sauti ndogo. "Mvuke umeingilia hapo. Niliyeiua ni mimi."

Fundi Povu angeweza kumsema mpaka jua lizame, na haki alikuwa nayo. Alimtazama tu, akavua miwani, akaifuta. "Kaipiga nyundo miguu yangu," akanung'unika, "na kila namba imenyooka kabisa." Kisha akacheka, na Mama Nukta akacheka naye, lakini kicheko kikamkatikia, maana alikuwa amekumbuka jambo jingine. Kwenye taratibu alizokuwa amemwandikia Daktari, ukurasa wa tatu, alikuwa amependekeza kwamba kila mguu wa mgonjwa ugongwe chapa vivyo hivyo.

Alimkuta Daktari ofisini na akamwambia yote bila kujipaka mafuta. Daktari alisikiliza, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo tuondoe kumi na tisa ya chapa, tuhesabu ishirini na mmoja tu. Hapo mambo ni mazuri."

"Mazuri mno. Ndiyo maana sitaki uniamini." Mama Nukta alikaa kwenye ncha ya kiti. "Mdogo wangu anausubiri mguu huo, Daktari, unajua. Mtu akitaka jambo hivi, hakosi sababu ya kuondoa nukta asizozipenda. Nipe siku kumi na nne. Katika miguu ya rangi, miwili imekufa, mmoja Fundi kaupasua, kumi na minane bado mizima. Wewe mwenyewe upige kura, mkono wako, si wangu. Tisa nitaigonga chapa. Tisa nitaiacha. Yote irudi kabatini. Na leo, kabla ya kufunga mlango, nitaandika nitakachokiona, wewe ukifungie."

Akaandika palepale: katika tisa ya chapa, isiyopungua saba itakufa, katika tisa isiyoguswa, haitazidi miwili. Daktari aliitia karatasi kwenye bahasha, akaifungia kabatini kwake na ufunguo akauweka mfukoni.

Kugonga chapa ile tisa ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Ilikuwa miguu mizima, iliyokwisha kuvumilia siku arobaini za moto. Mmoja wao, namba ishirini na nane, ulikuwa saizi ya mdogo wake hasa. Fundi Povu alimshikia kila mguu juu ya meza huku amegeuza uso pembeni.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, ya tatu, Punda anakanyaga, miguu inarudi juu. Siku ya nne mdogo mtu alipiga simu: "Vipi?" "Bado." Siku ya tano wote kumi na minane wangali wazima, na usingizi ukamkimbia Mama Nukta, kwa sababu kama chapa haikuwa na hatia, basi hakuwa na jibu lolote, na njia ya mdogo wake imekwenda. Siku ya saba, asubuhi, alipobonyeza swichi, Punda aliukanyaga namba ishirini na nane na kisigino kikazama moja kwa moja, pwaa, kama mkate uliolowa.

Ni nani mwingine duniani aliyewahi kupiga vigelegele kwa mguu uliooza? Alipiga. Fundi Povu alikuja mbio na ndoo akidhani kuna moto.

Mpaka siku ya kumi na nne, miguu minane ya chapa ilikuwa imekufa. Katika ile isiyoguswa, ulikufa mmoja. Daktari alifungua bahasha mbele yao, akasoma mara mbili, akampa Fundi Povu naye asome. Mzee alisoma kwa kuikaribisha karatasi puani.

"Sasa sahihi," Daktari akasema.

"Kwa masharti," akajibu Mama Nukta, na Fundi Povu akasonya, huyu mwanamke! "Hesabu inasema tisa katika kumi itavuka miaka miwili, na zaidi kidogo. Lakini miguu niliyoitesa ni michache, na mtaa si kabati. Kila mtu arudi kila miezi sita, mguu wake ukanyagwe na Punda. Na namba ni kwa rangi tu, juu kabisa, pasipo na uzito. Ukurasa wa tatu nimeuchana." Akaweka sahihi.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, mdogo mtu aliketi kwenye benchi la karakana na Fundi Povu akamfunga mguu mpya. Dada yake alipiga magoti akaandika namba kwa brashi.

"Utadumu?" akauliza.

"Sikuahidi. Naweza kukwambia uwezekano."

"Niambie basi."

"Ningekuwa siuamini, nisingekuvika." Alifunika kopo la rangi. "Na miezi sita ikifika usinipigie chenga. Nitakufuata nyumba kwa nyumba."

Alirudi kwenye mitaa yake kumi na mmoja. Mbwa walimbwekea wiki mbili, kisha wakamkumbuka. Miezi sita alikuja, na mingine sita, na mingine, kila mara amechelewa siku moja ili kumkera dada yake tu. Mara ya nne ilitimia miaka miwili kamili. Alifika saa nne asubuhi, jasho linamtoka, daftari la mita kwapani, akauvua mguu na kumpa. Soli ya kiatu ilikuwa imekwisha kabisa upande mmoja. Punda aliukanyaga mara mia, akanguruma, akanyamaza. Kisigino kilirudi juu pale pale kilipokuwa.

Ukutani palikuwa na karatasi mpya sasa, ya miguu ya watu, miguu inayotembea mtaani. Mdogo mtu aliruka kwa mguu mmoja mpaka mbele yake, akashika ukingo wa meza, akaitazama.

"Nukta yangu iko wapi?"

"Huna nukta wewe." Mama Nukta alichukua kalamu, na kwenye mstari wa miaka miwili akachora mshale mdogo unaoelekea kulia. Ilibidi afute macho kwa kiwiko ili auchore ukiwa umenyooka. "Wewe ndiye huyu."

Aliutazama ule mshale. Kisha akauvaa mguu, akafunga kamba za kiatu. "Nimebakiza nyumba thelathini na mbili, dada. Na kiatu kipya unaninunulia wewe, kwa usumbufu." Akambusu kwenye paji la uso na kutoka.

Mama Nukta alibaki na kalamu mkononi, akisikiliza hatua zikienda ukumbini, zikashuka ngazi, zikatoka nje kwenye saruji. Alitega sikio mpaka zikapotea, na hakuweza kujua ipi ilikuwa ya mguu wa povu.